Jinsi Valerian Alivyoitafuta Pembetatu hadi Kirando na Kurudi

Sogezeni vigoda karibu, enyi watu wa nyanda za juu, ninyi wenye masweta na ninyi mliojitanda mablanketi. Zimeni redio, mfungeni mbwa, na yule mwenye kikohozi na akohoe sasa amalize kabisa ndipo aketi. Kwa maana habari inayoletwa mbele yenu si ya majeshi yaliyoshuka Bonde la Rukwa na mikuki, wala si ya watemi waliogombea ng'ombe na mipaka. Hizo zimesimuliwa hata zimechakaa. Hii ni habari ya Valerian wa Sumbawanga, mwuza kandambili na mabuti ya mvua, Mbeba Kamera wa Jumuiya, Mfumba Jicho la Kushoto, aliyeondoka asubuhi moja ya mwezi wa sita kwenda kuitafuta pembetatu, akaapa kwamba moyo wake hautatulia mpaka ameiona.

Nawe Mwanga, uliye mkongwe kuliko milima, uingiaye kwa tundu dogo ukatoka ukiwa sura ya mtu, simama karibu na msimulizi. Usimfifilie katikati ya habari, maana mbele kuna mahali pa aibu, na hapo ndipo atakapokuhitaji sana.

Ijulikane kwanza jinsi kamera ilivyofika shingoni mwa shujaa. Jumuiya yao ndogo ya Kikristo ilikuwa na desturi ya kusafiri kila mwaka baada ya mavuno ya maharage, familia zote ndani ya basi moja dogo la kukodi, kwenda kusali na kutembea mahali ambapo wengi wao hawajapata kufika. Wakachanga, wakanunua kamera nyeusi, nzito, yenye mkanda mpana, kisha wakaitafutia mlinzi. Nao uteuzi ukamwangukia Valerian kwa sababu siku ile hakuwapo kikaoni kujitetea. Tangu hapo akawa mtu mwingine. Sokoni, katikati ya kandambili zake, watu walimpita wakimkanyaga vidole bila hata kusema samahani; bali kamera ikiwa shingoni, wazee walimpisha njia, mabibi harusi walimngoja, na maandamano ya Jumapili ya Matawi yaliwahi kusimama njiani mpaka abadilishe betri. Aliipenda kamera ile kupita kiasi. Usiku aliiviringisha katika kitambaa cha flana ambacho aliunyima mgongo wake mwenyewe, na Sumbawanga si mji wa kuchezea flana.

Lakini picha zake, jamani, zilikuwa ukuta. Kila walikofika, Valerian aliwapanga watu mstari mmoja ubavuni mwa basi, wazee katikati, wafupi wamechuchumaa mbele, mikono chini, midomo imefungwa, kama watu wanaongoja kutambuliwa na polisi. Wakaenda Maporomoko ya Kalambo, picha ikaonyesha basi. Wakaenda Mbeya, picha ikaonyesha basi. Wakaenda Mwimbi kwenye baraka ya kanisa jipya, picha ikaonyesha basi, tena lina pancha. Hata Monika mkewe, mwanamke wa maneno machache yenye pilipili, alipoifungua albamu alisema kwamba mumewe ameitunza vizuri sana historia ya magurudumu.

Ikawa Alhamisi moja, sala ya jumuiya ilipokwisha, akasimama Mzee Baltazari, mwenyekiti, Mwenye Koti na Miwani, mtu ambaye hata akiomba chumvi huanza kwa kusafisha koo. Akasafisha koo, akanena.

"Ndugu zangu katika Kristo. Tumekwenda mbali, na miguu yetu inashuhudia. Lakini mjukuu wangu ameziangalia picha zetu, akaniuliza kama kila mwaka huwa tunakwenda kulala gereji. Ukumbi wa kigango umepakwa rangi, na ukutani imeachwa nafasi ya picha moja ya safari. Mwaka huu tunakwenda Kirando. Picha ya Kirando ikiwa ukuta tena, basi kamera itavuliwa shingoni mwa ndugu yetu Valerian, nayo itavishwa Mwalimu Avelina."

Mwalimu Avelina, mfundishaji wa kwaya, akainamisha macho kwa unyenyekevu. Mkononi alikuwa na simu yake mpya, ile yenye macho matatu mgongoni, ambayo kwayo alikuwa akipiga picha za kila kitu, hata za chai kabla haijanywewa, naye hakuwa na ubaya na mtu. Hilo ndilo lililomwumiza Valerian zaidi, kwa kuwa adui asiye na ubaya hana mahali pa kushikwa.

Nyumbani hakuumaliza ugali wake wa ulezi. Aliketi karibu na jiko la mkaa, akaanza kupekua katika simu yake ndogo yenye ufa, mpaka akamkuta mwalimu mmoja wa Dar es Salaam akifundisha upigaji picha za safari. Yule mwalimu alikuwa akifunua siri: kwamba katika kila picha nzuri ya safari imejificha pembetatu. Jicho la mtazamaji hupanda upande mmoja, hushuka upande wa pili, hurudi kwa upande wa chini, halafu hupanda tena, nalo halitoki humo milele. Picha ya mstari, alisema, jicho huingia kushoto likatokea kulia, likaenda zake.

Valerian akasimama kama mtu aliyeitwa kwa jina. Akamwambia mkewe kwamba miaka yote hii macho ya watu yamekuwa yakiingia katika picha zake na kutokea upande wa pili, na yeye hakujua.

"Kwa hiyo huwa unatafuta nini kwenye hicho kitundu, Baba Leonia?" Monika akauliza, akimaanisha tundu la kamera.

"Huwa natafuta watu."

"Basi jaribu kutafuta pembetatu. Labda watu watakuja wenyewe."

Ndivyo ulivyoanza uwindaji mkuu. Kuanzia asubuhi yake Valerian alikuwa haoni kingine. Aliiona pembetatu katika paa la kanisa, katika goti la mtu aliyechuchumaa, katika kitundikio cha nguo, katika nyayo za kuku. Aliikazia macho sambusa ya Mama Debora muda mrefu mno, hata mama wa watu akaifunika sinia yake akamwuliza kama ameona nzi. Mteja alikuja kununua mabuti, akasimama na miguu yake imepanuka kidogo. Valerian akapiga magoti mbele yake kwa furaha, na mteja akaenda kununua kwenye duka la jirani. Na Jumapili, mbele ya kanisa, alipokutana na Avelina, akaona kitu kilichomtoa jasho katikati ya baridi: yale macho matatu mgongoni mwa simu yake yalikuwa yamepangwa pembetatu. Adui alikuwa ameichora silaha ile juu ya ngao yake, wala hakujua anatembea nayo.

Siku ya safari ikapambazuka na upepo wa kukata masikio. Wote wakaingia kwenye basi na thermos zao za chai na rozari zao, na Valerian akaketi mbele kabisa, kando ya dereva, kamera mapajani, macho yake yakichunguza dunia kwa pembe. Wakauacha mji. Pande zote mbili za barabara, mpaka pale nyanda inapokutana na mbingu, yalijipanga matuta ya Wafipa, yale ambayo wenyewe huyaita intumba: nyasi imekusanywa rundo, rundo likafukiwa udongo, duara chini na kichwa chembamba juu, moja baada ya jingine kwa maelfu, yakingoja mvua. Valerian hakuyatazama. Mama yake alimzaa msimu wa kulima matuta hayo, alijifunza kutembea akiyashika, na alitoroka shule akijificha nyuma yake. Kwa hiyo machoni pake hayakuwa vitu. Alikuwa akitafuta pembetatu, naye alipita katikati ya jeshi zima la pembetatu akikodolea macho kioo cha mbele.

Wakapita Chala, wakapita Namanyere, wakaanza kuteremka. Masweta yakavuliwa moja moja, halafu makoti, halafu Mzee Baltazari akafungua kifungo cha shingo, jambo ambalo halijapata kuonekana. Wakaingia Kirando joto likiwa linafuka mchangani, dagaa wameanikwa hata njia hazionekani, na ziwa likang'aa mpaka wenye miwani wakaifuta. Wakasali, wakala migebuka hadi mifupa, kisha wakakusanyika ufukweni kwa ajili ya picha. Kwa mazoea wakajipanga wenyewe mstari mmoja ubavuni mwa basi, wafupi wakachuchumaa.

Valerian akapanda juu ya jiwe. Akapaza sauti.

"Enyi wana wa jumuiya, vunjeni mstari. Leo hatusimami kama ukuta, maana ukuta haukusafiri. Tazameni pale, mawe yanapanda kama ngazi. Wengi watasimama chini, wachache juu yao, wachache zaidi juu yao tena, na kileleni kabisa atasimama mtu mmoja. Tutakuwa pembetatu, na jicho la atakayetutazama halitatoka ndani yetu."

Watu wakapenda. Wakaanza kupanda mawe wakicheka na kushikana mikono, mpaka Bibi Hellena, mkongwe kuliko wote, Mama wa Kanga Saba, akasimama na fimbo yake, akauliza kwa upole swali moja: huyo mtu mmoja wa kileleni ni nani?

Hapo ndipo vilipoanza vita vya Kirando.

Miaka yote ile, katika mstari, hakuna aliyekuwa juu wala chini, na kwa hiyo hakuna aliyewahi kuuliza. Ukuta ulikuwa na ubaya wake, lakini uliwafichia jambo. Mzee Baltazari akasafisha koo, akasema kwamba yeye asingependa kabisa kusimama kileleni, ila cheo cha uenyekiti ndicho kinachosimama, naye hana uwezo wa kukiacha chini. Felisiani, katekista, Mshika Funguo za Kigango, mtu mpole mpaka anapoguswa, akajibu kwamba mwenyekiti huchaguliwa na watu na watu humwondoa, bali katekista huwekwa na Kanisa, na si vyema Kanisa lipigwe picha chini ya miguu ya kamati. Bibi Hellena akawasikiliza wote wawili akiwa ameegemea fimbo. Kisha akanena, na mawimbi yakaonekana kama yamenyamaza kumpisha.

"Wewe Baltazari nilikubeba mgongoni ukiwa na upele kichwa kizima, ukanipaka. Wewe Felisiani ubatizo wako ulichelewa kwa sababu ulimng'ata padre, na mimi ndiye niliyekuziba mdomo. Mnataka nisimame chini yenu? Haya, pandeni. Mimi nitatazama kutoka kwenye basi."

Akageuka akaenda. Wanawake wote wakamfuata, kwa sababu kuna mambo ambayo mwanamke hahitaji kuambiwa mara mbili. Kwaya ikajipanga nyuma ya katekista. Wazee wakamzunguka mwenyekiti. Mawe yakabaki matupu, na wale akina mama waliokuwa wakigeuza dagaa wakaacha kazi zao wakaketi kutazama. Valerian akashuka kwenye jiwe lake akimwendea huyu na kumwendea yule, akimsihi mwenyekiti achukue kona ya kulia, akimsihi katekista achukue kona ya kushoto, akieleza kwamba kona nazo ni pembe. Lakini kila aliyemgusa alikuwa wa moto. Avelina akainua simu yake ya macho matatu, na Mzee Baltazari akamwamuru aishushe, akasema kwamba siku kama hiyo haipigwi picha.

Basi wakaondoka Kirando bila hata picha moja ya jumuiya yao. Basi lilipanda milima kwa gia ya kwanza, na ndani yake rozari ya safari ikasaliwa na kila mtu kimoyomoyo. Baltazari aliketi akitazama dirisha la kulia, Felisiani la kushoto, na Bibi Hellena kiti cha nyuma, akitazama visogo vyao vyote viwili.

Na Valerian alihuzunika. Aliupitisha mkanda wa kamera vidoleni, akaona jinsi ulivyolainika kwa shingo yake, akawaza shingo ya Mwalimu Avelina. Aliwaza Jumapili ya Matawi ijayo, watu wakimpita na kumkanyaga kama wanavyomkanyaga sokoni, naye akiwa na tawi tu mkononi kama mtu yeyote. Monika akampa kipande cha mgebuka uliobaki, akamwambia ale, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuvuliwa kamera akiwa ameshiba akalia sana. Hakula.

Jua likiwa limeanza kuelekea upande wa ziwa, karibu na Chala, dereva akasimamisha basi ili watu wachimbe dawa. Wakashuka kama desturi inavyotaka, wanaume upande wa kushoto wa barabara, wanawake upande wa kulia, kila mmoja nyuma ya tuta lake. Upepo wa nyanda ukawapokea, na masweta yakarudi mwilini. Valerian, ambaye hakutaka kusimama na mtu, akaenda mbali kuliko wote, na alipokuwa akirudi akajikuta suruali yake imejaa vishona nguo, zile mbegu za magugu zinazong'ang'ania kitambaa, kuanzia pindo hadi magotini.

Sasa Bibi Hellena alikuwa amemaliza mapema. Akiwa anarudi barabarani akaona tuta moja lililokanyagwa na ng'ombe, limebomoka ubavu, nyasi imetoka nje kama godoro lililotoboka. Tuta halikuwa lake. Shamba halikuwa la ukoo wake, wala hakumjua mwenyewe. Lakini mwanamke wa Kifipa aliyelima tangu anyonyeshe mtoto wa kwanza hawezi kuliacha tuta katika hali ile, kama ambavyo mwingine hawezi kumpita mtoto mwenye makamasi. Akaweka fimbo chini, akapiga magoti, akairudisha nyasi kwa viganja, akaifunika udongo, akaupigapiga udongo, akasogea nyuma kuangalia kazi yake, akaketi kitako. Na alipotaka kusimama, magoti yakakataa.

Hakuita. Mtu aliyekataa kusimama chini ya watu hawezi kuita kutoka chini. Aliketi tu pale, mikono yenye udongo mapajani, akitazama mbele kana kwamba kukaa ndiko alikokusudia.

Mzee Baltazari akamwona kutoka upande wa pili wa barabara. Katekista Felisiani naye akamwona kutoka nyuma ya tuta lake. Kila mmoja akaanza kwenda, kila mmoja akamwona mwenzake anakwenda, na hakuna aliyeweza tena kurudi nyuma bila kuonekana amerudi. Wakafika pamoja, mmoja kulia, mmoja kushoto. Hawakusemeshana. Wakainama, wakanyoosha mikono, na Bibi Hellena, baada ya kuwatazama kwa muda wa kutosha kuwakumbusha upele na kung'ata, akanyoosha mikono yake yote miwili juu akawapa.

Na katika saa hiyo hiyo, enyi msikiao, Valerian alikuwa amewapa mgongo, ameinama kuchomoa vishona nguo katika pindo la suruali. Kichwa chake kilikuwa chini kuliko magoti yake, na kupitia katikati ya miguu yake mwenyewe akaiona dunia imepinduka. Mbingu ilikuwa sakafu. Ardhi ilikuwa dari. Na kutoka darini yalining'inia matuta, maelfu kwa maelfu, kila moja na kichwa chake chembamba, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Valerian akayaona yalivyo. Pembetatu. Pembetatu mbele ya pembetatu, mpaka Chala, mpaka mwisho wa macho. Alizaliwa humo, akajificha nyuma yake, akaenda Kirando kuitafuta. Damu ikamjaa usoni, nusu kwa aibu na nusu kwa kuinama.

Ndipo akawaona wale watatu. Kileleni Bibi Hellena, na mikono yake imeshuka kulia na kushoto. Katika kona moja Baltazari, koti limepeperuka. Katika kona nyingine Felisiani, kofia imemtoka. Macho ya mwenyekiti yalikwenda kwa bibi, ya bibi yakaenda kwa katekista, ya katekista yakaenda kwa mwenyekiti, kuona kama naye ameshika vizuri. Jicho la Valerian likapanda, likashuka, likarudi, likapanda tena. Halikutoka.

Akajua kwamba akisimama itapotea. Mtu akinyooka na kugeuka, watatu wale watakuwa wamesimama, nao watakuwa ni wazee watatu waliosimama mstari. Kwa hiyo shujaa wetu, Mfumba Jicho la Kushoto, hakunyooka. Akaishusha kamera polepole hadi kati ya vifundo vya miguu yake, naye akibaki katika hali ile ile, kichwa chini, kitako kimeelekezwa kwa mwenyekiti, kwa katekista na kwa mkongwe wa jumuiya, mbele ya basi zima lililokuwa limejaa na kutazama. Watu wa basini wakaacha kutafuna. Monika akafunika uso kwa kanga. Mwanga haukufifia. Akabonyeza mara moja.

Bibi Hellena akasimama. Wale wawili wakainua macho, wakakiona kitako cha Valerian na chini yake kioo cheusi cha kamera.

"Valerian," akasema Felisiani kwa upole wa kutisha, "unatuonyesha nini?"

"Siwaonyeshi kitu, Katekista," Valerian akajibu kutoka huko chini. "Nawaona."

Alhamisi iliyofuata jumuiya ikakutana nyumbani kwa mwenyekiti kwa hukumu. Mwalimu Avelina akaonyesha kwanza, na picha zake zilikuwa nzuri, hakuna wa kuzisengenya: ziwa, migebuka, dagaa, dereva amelala. Kisha Valerian akaweka mezani picha yake moja, iliyosafishwa kwa karatasi kubwa. Kwanza kila mtu aliwaona wazee watatu walioshikana mikono ambao walikuwa hawasemeshani. Halafu macho yao yakaanza kuzunguka, yakazunguka, wakashindwa kuyatoa.

Avelina ndiye aliyesema kwanza. Akasema kwamba yeye ana picha nyingi kuliko zinavyoweza kuhesabiwa, lakini simu yake ilikuwa mkononi siku ile, basini, kwenye dirisha lenyewe, naye aliyatazama yote hayo akaona bibi anainuliwa tu. "Kamera ibaki ilipo," akasema. "Mimi hata ningeinama, ningetoa vishona nguo."

Valerian akaanza kuitoa pumzi ambayo alikuwa ameizuia tangu Kirando. Lakini kabla hajaitoa yote, Mzee Baltazari akasafisha koo.

Akasema picha inafaa ukumbi, naye anashukuru kwamba inaonyesha wazi uongozi ukiwa juu. Felisiani akasema kwa upole kwamba juu wako wawili, na kofia ya mmoja wao ilianguka kwa ajili ya utumishi. Bibi Hellena akagonga fimbo sakafuni. Akasema picha ile ilipigwa na mtu aliyeinama, kila aliyekuwa basini alikiona kilichoinuliwa, na mtu aliyeinama huona chini kuwa juu. "Mwulizeni mwenyewe," akasema. "Ulipotazama, kileleni alikuwa nani?"

Macho yote yakamgeukia Valerian. Akauona mkanda wa kamera unalegea tena shingoni. Akisema bibi, mwenyekiti ataichukua kamera. Akisema mwenyekiti, katekista hatamsahau kwenye maandamano hata siku moja. Na akidanganya, ameidanganya pembetatu, baada ya yote yaliyompata. Akafungua mdomo, na ukweli ukawa njiani.

"Samahani, wazee wangu," akasema Monika kutoka mlangoni, ambako alikuwa akipepea moto wa chai. "Pembetatu ina pembe ngapi?"

Wakasema tatu.

"Basi seremala atengeneze fremu ya pembe tatu. Ukutani wagonge msumari mmoja katikati. Kila mwezi, baada ya sala, mnaigeuza. Mwezi huu kileleni ni huyu, mwezi ujao ni yule, na unaofuata ni yule mwingine. Aliyeiona aigeuze yeye."

Kila mmoja wa wale watatu akatafuta kosa katika shauri lile, wala hakuliona. Kisha Mzee Baltazari, kwa mara ya kwanza katika uenyekiti wake, akakubali jambo bila kusafisha koo.

Na ikawa hivyo. Fremu ya pembe tatu ilitundikwa katika ukumbi wa kigango kwa nyimbo za kwaya, na Valerian akapewa ngazi na cheo kipya, Mgeuza Picha, kikaongezwa juu ya cheo cha Mbeba Kamera, ambacho hakikumtoka tena. Sokoni bado wanamkanyaga vidole, lakini sasa wengine husema samahani. Yaandikwe basi, ninyi mnaoandika mambo ya Ufipa: kwamba watu walikwenda kuitafuta pembetatu hadi ziwani, nayo ilikuwa imewakalia pande zote za barabara, ikamngoja mtu mmoja apate vishona nguo.

Juzi walikuja wageni kutoka parokia nyingine, wakaonyeshwa ukumbi. Wakasimama chini ya ile picha wakipinda shingo, wakamwona mwenyekiti amening'inia kwa miguu kama popo, na katekista naye ubavuni mwake kichwa chini, na juu yao, kileleni kabisa, mikono imeshuka kulia na kushoto, mwanamke mzee mwenye udongo viganjani. Mmoja wao akauliza kwa adabu kama msumari umelegea.

Bibi Hellena alikuwa ameketi kwenye benchi la mbele, fimbo mapajani.

"Haujalegea," akasema. "Huu ni mwezi wangu."